Jioni Iliyokuja Kabla ya Jua

Wambui wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga rafiki yako Nyokabi, na kwa vile najua nyinyi wawili mkianza kuongea hata maziwa huchemka yakamwagika, nina muda wa kutosha kuandika. Baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba za mpira, halafu analifungua tena, maana kila fundo halimridhishi. Yeye ndiye atakayekuambia habari za kufua, za kula vizuri na za kutotembea na simu mkononi huko Nairobi. Mimi sina hayo. Nina jambo moja tu, na nisipoliandika leo sitapumua.

Hebu nianze hapo hapo: sikukasirika.

Jumapili ile jikoni, uliponiambia, sikukasirika. Nakumbuka maneno yako yote. Nilikuwa namenya viazi vya mchana, wewe ukaegemea mlango ukiwa bado na nguo za kanisa, ukasema, "Mum, please, waambie watu wa kanisa wasikuje kuniombea. Siwezi simama hapo katikati niwekelewe mikono na siamini hiyo story ya siku sita. Naenda kusomea mawe, Mum. Na nikifika huko sitakuwa naenda church. Sitaki kudanganya mtu." Kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Kwani wewe unaamini? Siku sita, kweli kweli?"

Mimi nikaendelea kumenya. Nilimenya kile kiazi hadi kikabaki kama gololi. Ulingoja, ukaona sisemi, ukasema, "Sawa, umekasirika," ukaenda zako. Tangu siku hiyo tunaongea habari za sanduku na chaja ya simu, basi. Wambui, nilinyamaza kwa sababu furaha na aibu zilinijia kwa pamoja na sikujua nianze na ipi. Furaha, kwa sababu binti yangu anakataa kusema uongo mbele za Mungu. Aibu, kwa sababu jibu langu ni hapana. Siamini zilikuwa siku sita za kuhesabu kwa saa ya ukutani. Sijaamini hivyo kwa miaka mingi. Na mwalimu wa shule ya Jumapili aliyekufundisha siku hizo sita kwa kuimba na kupiga makofi ni mimi.

Sasa kaa chini, usisome ukiwa umesimama kama kawaida yako.

Unajua nilivyoingia katika boma hili. Niliolewa hapa Dundori nikiwa nimeokoka mwaka huo huo kwenye mkutano wa hema kule Njoro, na nilikuwa moto. Nilikuwa nasoma Biblia jinsi baba yako anavyosoma maagizo ya dawa ya viazi: changanya hivi, usichanganye vile, ukikosea mmea unakauka. Siku moja nikafika pale kwenye sheria za kale panapokataza mbegu za aina mbili katika shamba moja. Nikainua macho, nikatazama dirishani. Shamba la shosho wako, mama mkwe wangu, hilo hapo, mahindi yamefika kiunoni, na kati ya kila mstari na mstari maharagwe yametoa maua. Kama lilivyo kila shamba kuanzia hapa hadi ukingoni mwa Nakuru!

Shosho alikuwa ameenda Gilgil kumwona dada yake mgonjwa. Mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi niliyopewa na Bwana. Nikafunga leso kiunoni, nikaingia shambani nikiimba, nikang'oa maharagwe yote. Yote! Nikawapa ng'ombe. Kufika jioni mikono ilikuwa imechubuka na nimeridhika kupita kiasi.

Shosho aliporudi alisimama ukingoni mwa shamba, kikapu bado kiko mkononi, akaniita. Nikamweleza kwa heshima zote, na ile sheria nikaisema kwa kichwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wewe," akasema, "githeri utakuwa unapikia sufuria mbili, mahindi huku na maharagwe kule?"

Akaingia ndani. Msimu ule wote nilikula mahindi matupu. Yeye na baba yako walikula githeri yenye maharagwe aliyopewa na jirani, hapo hapo mbele yangu, na kila siku aliikagua sahani yangu kuhakikisha haina haragwe hata moja, nisije nikatenda dhambi. Hadithi hiyo wewe unaijua, umeisikia ikichekewa kwenye harusi na hata kwenye matanga. Ambacho hujui ni kwamba haikunibadilisha hata kidogo. Nilijiona nateswa kwa ajili ya haki, nikayatafuna yale mahindi kwa kiburi.

Aliyenibadilisha ni wewe.

Ulikuwa darasa la pili. Mvua ilikuwa imetufungia ndani mchana kutwa, nikakukalisha hapo kwenye kochi nikakusomea mwanzo wa Biblia. Tulipofika siku ya nne ukanishika mkono. "Mami, jua limekuja saa hii?" Nikakwambia ndiyo, siku ya nne. Ukakunja uso. "Sasa ile jioni ya siku ya kwanza ilitoka wapi?"

Nikakwambia unyamaze, Mungu haulizwi maswali. Ukanyamaza. Hukulia wala hukubisha, uliteremka tu kwenye kochi ukaenda kuchezea vifuniko vya soda. Ukaniamini.

Lakini mimi sikuweza kuinuka! Jioni ilitoka wapi? Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule tangu utoto na sikuwahi kuona. Jioni na asubuhi, jioni na asubuhi, jioni na asubuhi, na jua bado halijaumbwa! Nikaanza kusoma upya, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Karai la viazi lilikuwa hapo miguuni. Nikachukua viazi sita, nikavipanga mezani kwa mstari mmoja ili nisipotee. Kiazi cha kwanza, nuru na giza. Cha pili, anga na maji. Cha tatu, nchi kavu. Cha nne, jua na mwezi. Cha tano, ndege na samaki. Cha sita, wanyama na watu. Kisha, sijui mkono ulilipata wapi wazo hilo, nikavivuta vile vitatu vya mwisho nikavipanga chini ya vile vitatu vya kwanza.

Wambui! Chini ya nuru na giza, jua na mwezi. Chini ya anga na maji, ndege na samaki. Chini ya nchi kavu, wanyama na watu. Siku tatu za kujenga vyumba na siku tatu za kuingiza wenyeji! Nilipiga kelele hadi baba yako akaja mbio kutoka zizini akidhani nimeungua.

"Ni nini?"

"Ni nyumba!" nikamwambia. "Ni nyumba, Baba Wambui, si kalenda!"

Akatazama viazi, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekula.

Nataka uelewe furaha niliyokuwa nayo, maana hata leo nikiandika haya mguu unachezacheza chini ya meza. Aliyeandika ukurasa ule hakuwa mjinga. Alijua jioni haiji bila jua, alijua kama ulivyojua wewe na vifuniko vyako vya soda. Aliiweka pale makusudi ili msomaji asimame aulize. Hakuwa anatuambia dunia ilichukua muda gani kujengwa. Alikuwa anatuambia ni nyumba, imejengwa na anayetupenda, kila chumba kimeonwa kuwa kizuri, na sisi tumeingizwa mwisho kabisa, wakati kila kitu kiko tayari, kama mgeni anayengojewa. Na baada ya kazi kuna kupumzika. Mimi, mke wa mkulima, niliyekuwa nimeamka siku hiyo nikiwa nimechoka hadi mifupani, nililia juu ya viazi vile.

Tena, tulikuwa tunajua kusoma hivyo tangu zamani! Ile habari ya mpanzi, kwa mfano. Nani Dundori atamwaga mbegu barabarani, na nyingine kwenye mawe, na nyingine kwenye miiba? Mbegu ya viazi ilivyo ghali! Mtu akifanya hivyo familia yake itaita kikao. Lakini sijawahi kumsikia mtu kanisani akisema huyo mpanzi ni mwongo au hajui kilimo. Kila mtu anajua shamba linalozungumziwa ni watu. Hata mimi nikikwambia moyo wangu umevunjika, hunipeleki hospitali. Ni ukurasa wa kwanza tu tuliouogopa, tukauwekea mlinzi mlangoni.

Na hapa ndipo nilipokukosea. Nilipata kitu kizuri namna ile kutoka kinywani mwako na sikukurudishia. Ungekuja jikoni baada ya saa moja ningekuonyesha vile viazi. Hukuja, na mimi sikukuita. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya watoto, wewe ukiwa mstari wa mbele, nikafundisha siku sita kwa makofi, sawa na Jumapili zote za nyuma.

Kwa nini? Kwa sababu ya Mzee Gathogo. Wewe unamwona tu kama mzee wa kanisa mwenye koti refu anayekohoa wakati wa maombi, lakini yeye ndiye msimamizi wa mafundisho, na nilikuwa nimemwona akimwondoa kijana mmoja kwenye darasa la vijana kwa kusema tu kwamba gharika huenda haikufika dunia nzima. Alimwondoa kwa upole, kwa maombi, na yule kijana hakurudi tena kanisani. Mimi nalipenda darasa langu. Napenda wale watoto wanavyokuja na makamasi na viatu vilivyobadilishwa miguu. Nikajiambia nitafundisha wanavyotaka na nitaamini ninavyoamini, na Mungu anaona moyo. Nilikuwa na furaha nyumbani na woga kanisani, na nikazoea, jinsi mtu anavyozoea goti bovu.

Kwa hiyo ile dini unayoikataa, mwanangu, hata mimi niliikataa kitambo. Nilikupa nguo ambayo mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuivua. Hilo ndilo linaloniuma. Ulisimama mlangoni pa jikoni ukidhani unaniacha, kumbe unapita njia niliyopita mimi, ila wewe unapita mchana na mimi nilipita nikijificha.

Usidhani basi kwamba nilipoanza kusoma kwa ishara nilipata akili ghafla. Nilipotea upande wa pili! Kila kitu kikawa fumbo. Ile mikate mitano kule nyikani nikawaambia wanawake wa kikundi chetu ni milango mitano ya fahamu, na samaki wawili ni hili na lile, na nyasi walizokalia watu nazo nikazipatia maana. Nilikuwa nafurahia sauti yangu mwenyewe. Nikafika kwenye njaa ya ule umati, nikasema kwamba hiyo ni njaa ya kiroho. Ulikuwa ule mwaka ambao viazi vilinyauka mashambani, unaukumbuka, majani yalilala kama yamemwagiwa maji ya moto. Mama Kezia, ambaye shamba lake lote lilikwenda, akainua mkono.

"Mama Wambui, hiyo njaa ya roho nimeskia, ni sawa. Lakini mimi kwangu niko na ile ingine."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani kuingia chini ya benchi. Nilikuwa nimeketi karibu naye wiki zote hizo nikipanga maana ya nyasi na sikuwa nimemuuliza watoto wamekula nini. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ninayojiwekea, nawe uitumie ukitaka: nikiona tafsiri yangu inanipunguzia kazi, naishuku. Zile mbegu mbili shambani hata sasa sina hakika zilimaanisha nini, labda moyo unaotaka kumtumikia Mungu na sifa za watu kwa wakati mmoja, na hapo napatikana mimi. Lakini ile ya kulisha wenye njaa haina ishara. Mkate pale ni mkate. Tulimpelekea Mama Kezia gunia la mahindi jioni ile ile, na baba yako hakuuliza kama nimekula.

Na habari ya Yona! Jumapili nzima niliwahi kuwaeleza watoto jinsi koo la samaki linavyoweza kupitisha mtu mzima, nikachora na ubaoni, wewe ndiwe uliyenifutia. Hatukufika mwisho. Mwisho wake ni mtu aliyenuna kwa sababu Mungu amewasamehe watu ambao yeye anawachukia. Sisi hapa Bonde la Ufa, tuliopigana na majirani baada ya uchaguzi, kila mtu anajua kwa nini, tunaohesabu hadi leo nani alikuwa upande gani, tulikuwa na hadithi hiyo mikononi na tukakaa tunapima samaki! Nikikumbuka nataka kurudi darasani mbio nianze upya.

Sasa nikuambie kuhusu Mlima Longonot, kisha nitakuacha.

Ulinipeleka mwaka jana baada ya matokeo yako, ukasema ni zawadi. Zawadi gani hiyo, nilikuwa nafikiri, nikipanda kwa mikono na magoti na kile kivumbi kimejaa puani. Kule juu ukaniacha nikipumua, ukaenda kwenye ukuta wa mawe ukaanza kupitisha kidole kwenye mistari. Ukaniita. "Cheki, Mum. Hii ni majivu. Hii tena ni mlipuko mwingine, ona vile ni nzito. Hapa ilitulia muda mrefu sana. Unaisoma kuanzia chini." Uso wako ulikuwa unang'aa, Wambui. Ulikuwa unatetemeka kwa furaha juu ya majivu! Na mimi nilikuwa nikikutazama nikifikiri, Mungu wangu, huu ni uso niliokuwa nao siku ya viazi. Ni uso ule ule.

Nilifungua kinywa nikwambie. Wakaja vijana wawili wakatuomba tuwapige picha, na baada ya hapo ulikuwa umehamia kwenye jiwe jingine. Nikajiambia nitakwambia tukishuka. Nikanunua mahindi ya kuchoma, tukapanda gari, tukaja nyumbani.

Nenda ukasome mawe. Yasome yote, anza chini. Mwalimu wako akikwambia dunia ina umri usiohesabika, usifikiri hata dakika moja kwamba anamtukana mama yako. Nipigie simu uniambie! Nataka kujua kile kiwanja cha nyumba kilichukua muda gani kutengenezwa, na kadiri kilivyochukua muda mrefu ndivyo nitakavyozidi kushangaa kwamba tulingojewa hivyo. Mawe yatakwambia ilikuwaje. Kwa nini nyumba hii ni njema, na mtu afanye nini akishaingizwa ndani yake, hilo mimi bado nalitafuta kwenye kile kitabu, na sijachoka.

Kuhusu kanisa huko Nairobi, sikuombi uende. Sijapata haki ya kukuomba. Nakuomba hivi tu: ukiiacha Biblia, uiache baada ya kuisoma wewe mwenyewe kwa hayo macho yako ya Longonot. Usiiache kwa sababu ya nilivyokufundisha mimi. Ulikuwa msomaji mzuri kuliko mimi ukiwa darasa la pili, na niliyekunyamazisha nilikuwa mimi, siyo Mungu.

Sasa habari ya kesho. Sikuwaambia watu wa kanisa wasije. Nilijaribu, nilikwenda hadi kwa Mama Kezia, nikafika langoni, nikarudi, kisha nikaenda tena nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alinisikiliza huku anakamua ng'ombe. Mwishoni akasema, "Sasa hayo unaniambia mimi ya nini? Si uambie msichana. Halafu uambie Gathogo." Nimefanya la kwanza. La pili ndilo linalonifanya niandike mwandiko mbaya namna hii.

Watakuja asubuhi kabla ya gari lako. Tutawapa chai na mkate, shosho atakaa kiti kile kilicho karibu na redio, na Mzee Gathogo akimaliza kikombe atasema tusimame tuombe. Hapo nitaomba nafasi niseme neno. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya wazee. Nitawaambia kwamba binti yangu aliniuliza swali na sikumjibu, na kwamba alipokuwa mdogo aliniuliza jingine nikamnyamazisha, na kwamba leo namjibu yote mawili mbele yao kwa sababu ni mbele yao nilipokuwa naogopa. Sijui kama darasa langu la Jumapili litabaki langu baada ya hapo. Nitalia likienda. Lakini afadhali wanipokonye darasa kuliko kukusindikiza stejini kupanda gari ukiwa hunijui.

Ukitaka kuombewa, utaombewa. Usipotaka, toka nje ukamsaidie baba yako na lile godoro, na mtu yeyote akikuuliza, mwambie mimi ndiye niliyekuruhusu.

Lakini nikisimama kusema, Wambui, usitoke kwanza. Naogopa sana. Simama mahali ambapo nitakuona.

Mama yako